Jukwaa la Sikukuu Halikodishwi



Kila mwaka, sikukuu ya msimamizi wa parokia inapokaribia, kazi mbili huanza kwa pamoja katika makundi yetu. Ya kwanza ni mazoezi: waimbaji hukutana jioni, wachezaji hupima hatua zao, na kundi la maigizo hugawana nafasi ya mfalme, ya askari na ya mtakatifu. Ya pili ni kuandika barua. Barua hizo hupelekwa kwa mheshimiwa fulani, kwa mfanyabiashara fulani, au kwa mkubwa mwingine yeyote mwenye nguvu mjini siku hizo, kuomba fulana, vipaza sauti, soda na nauli. Jibu likiwa jema, sikukuu huja na sura nyingine. Fulana zina jina la mfadhili kifuani. Kiti chake kimewekwa mbele ya viti vya wazee wa mashirika. Kabla mtakatifu hajaonekana jukwaani, mfadhili amekwisha kuimbiwa mara tatu. Na mchezo ukikaribia mwisho, mwigizaji mmoja huyaacha maneno aliyofunzwa, hushuka, hupiga magoti mbele ya kiti kile na kumwaga sifa.

Sisi tunaofundisha katekismu hapa Muhumba twalisema bila kuzunguka: desturi hii ni mbaya, na sharti ikome. Hatusemi jukwaa livunjwe. Twasema lisikodishwe. Wale wanaotujibu kwamba hili ni jambo dogo la fulana na soda hawajui historia ya kitu wanachokitetea. Historia hiyo ni ndefu kuliko historia ya Kanisa lenyewe, nayo yaanzia Roma.

Maigizo yaliyokuwa ibada

Mwanahistoria Titus Livius asimulia kwamba mwaka 364 kabla ya Kristu tauni iliushika mji wa Roma. Dawa zilishindwa, sadaka zilishindwa. Ndipo Waroma walipowaita wachezaji kutoka nchi ya Waetruska, wacheze kwa sauti ya zumari ili hasira ya miungu itulie. Maigizo ya Roma yalianza hivyo: hayakuanza kama burudani, yalianza kama zawadi kwa miungu. Mwaka 240 kabla ya Kristu, Livius Andronicus alionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wenye hadithi kamili, katika sikukuu ya Jupiter iliyofanyika mwezi wa Septemba. Baadaye kalenda ilijaa. Apollo alipewa michezo yake mwezi wa Julai. Mama Mkuu wa miungu, aliyeletwa kutoka Asia mwaka 204 kabla ya Kristu, alipewa yake mwezi wa Aprili. Ceres na Flora nao wakapewa zao. Sanamu za miungu zilitembezwa kwa maandamano, wanyama walichinjwa, kisha watu wakaketi kutazama.

Hatusemi kwamba kila kilichoonyeshwa pale kilikuwa uchafu. Mmoja wa watungaji wakubwa wa Roma, Terentius, alikuwa Mwafrika. Mapokeo yasema alizaliwa Carthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, akapelekwa Roma kama mtumwa, na bwana wake akamwacha huru kwa sababu ya akili yake. Michezo yake yasomwa hadi leo. Lakini tazameni yaliyompata. Mchezo wake juu ya mama mkwe, uitwao Hecyra, ulikatizwa mara mbili. Mara ya kwanza watazamaji walivutiwa na mabondia na mtu atembeaye juu ya kamba. Mara ya pili ulivuma uvumi kwamba wapiganaji wa panga wanakuja, watu wakasukumana kugombea nafasi. Ilimbidi Terentius kuurudia mara ya tatu ndipo usikilizwe hadi mwisho. Sikukuu ilikuwa imewazoesha watu kudai kelele kubwa zaidi, na neno lenye maana likakosa masikio.

Aliyelipa na alichokinunua

Sasa tuulize swali ambalo vijana wetu hawaliulizi: nani alilipa gharama? Hazina ya mji ilitoa sehemu. Sehemu iliyobaki ililipwa na maofisa wa mji walioitwa aediles. Cheo hicho kilikuwa ngazi: aliyekishika alitazamia vyeo vikubwa zaidi, na kura ya kupandia alizitafuta kwa njia ya michezo. Julius Caesar alipokuwa katika cheo hicho mwaka 65 kabla ya Kristu, alionyesha jozi 320 za wapiganaji, akisema ni kwa heshima ya marehemu baba yake. Alitumia fedha za mkopo. Miaka sita baadaye alikuwa mmoja wa watawala wawili wakuu wa Roma, na wote tunajua dola ile iliishia mikononi mwa nani. Marehemu baba yake alikuwa kisingizio, miungu walikuwa kisingizio. Kilichonunuliwa ni watu.

Mwaka 55 kabla ya Kristu, Pompeius, mpinzani wake wa baadaye, alijenga ukumbi mkubwa wa maigizo wa mawe, wa kwanza wa kudumu mjini Roma. Juu ya ngazi za watazamaji alijenga hekalu la Venus, mungu mke wa ushindi wake. Tertullianus, mwandishi Mkristo wa Carthago, alimcheka miaka mia mbili na zaidi baadaye: huyu alijenga ukumbi wa maigizo, akauvika hekalu kichwani ili asilaumiwe. Vijana, tulitafakari jambo hilo. Mkubwa akitaka kujionyesha na akaogopa kulaumiwa, hutafuta paa takatifu la kujifunika. Kwa Pompeius paa hilo lilikuwa Venus. Kwa wakubwa wetu paa hilo ni sikukuu ya msimamizi wa parokia.

Na waigizaji je? Walishangiliwa mchana, lakini sheria ya Roma iliwahesabu kati ya watu wasio na heshima. Mwigizaji aliweza kumpendeza mtawala, lakini hakuweza kusimama mbele yake kama raia kamili. Mtu anayekupigia makofi kwa sababu unamsifu si lazima awe anakuheshimu. Mara nyingi anajua bei yako, basi.

Ahadi ya ubatizo

Kila usiku wa Pasaka tunasimama na mishumaa mikononi na kurudia ahadi za ubatizo. Twamkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake. Wengi wetu hulitamka neno hili «fahari» tukiwaza mavazi ya anasa au majivuno kwa ujumla. Wakristo wa kwanza walisikia jambo lililo wazi zaidi. Neno la Kilatini pompa lilikuwa jina la yale maandamano ya sanamu yaliyofungua michezo. Tertullianus, katika kitabu alichoandika juu ya michezo ya hadhara karibu na mwaka 200, alijenga hoja yake juu ya ahadi hiyo: umeapa majini kwamba umeyaacha maandamano ya Shetani, unatafuta nini katika ukumbi ambao sherehe yake inaanza kwa maandamano hayo?

Tertullianus alikuwa mkali, na katika mambo mengine alipita kiasi, hata mwisho akajitenga na Kanisa. Hatulazimiki kumfuata katika kila neno. Lakini swali lake lina nguvu. Hakuuliza kwanza kama mchezo unafurahisha, wala kama waigizaji wana kipaji. Aliuliza: sherehe hii inatolewa kwa nani? Swali hilohilo tunawaulizeni ninyi. Fulana ikiwa na jina la mtu, wimbo ukiwa na jina la mtu, kiti cha mbele kikiwa cha mtu huyo, na mtakatifu akisubiri nyuma ya pazia mpaka mtu huyo amalize kusifiwa, sherehe ni ya nani?

Vazi ambalo Perpetua alilikataa

Mwaka 203, katika mji huohuo wa Carthago, kulikuwa na michezo kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa kaisari. Ili sherehe inoge, wafungwa Wakristo walipangwa watupwe kwa wanyama. Kati yao walikuwamo Perpetua, mama kijana wa miaka kama 22 aliyekuwa ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua mtoto gerezani. Alikuwamo pia Saturus, aliyewafundisha imani. Hakuwapo walipokamatwa, naye akajitoa mwenyewe ili asiwaache wanafunzi wake peke yao. Sisi makatekista hatuwezi kulisoma jina lake bila kujiuliza kama tungefanya vile.

Tarehe 7 Machi walifikishwa mlangoni mwa uwanja. Hapo wakaletewa mavazi. Wanaume walitakiwa kuvaa kama makuhani wa Saturnus, wanawake kama makuhani wa Ceres. Waandaaji hawakutaka damu tu. Walitaka maigizo pia. Wakristo wangekufa, lakini wangekufa wakiwa wamevaa nembo ya miungu ya mfadhili, na kifo chao kingekuwa sehemu ya sifa zake. Perpetua alikataa. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: tumekuja hapa kwa hiari yetu ili uhuru wetu usiguswe, tumetoa maisha yetu ili tusifanye jambo la namna hiyo, hayo ndiyo mapatano yetu nanyi. Afisa wa jeshi alikubali, nao wakaingia na nguo zao wenyewe.

Tusipite haraka hapa. Watu hawa walikuwa wamekubali simba na chui. Kwa nini walibishania nguo, saa moja kabla ya kufa? Kwa sababu walijua kwamba vazi ni neno. Anayevaa nembo amekwisha kusema, hata kama mdomo wake umefungwa. Wanaotuambia leo kwamba fulana ni fulana tu wabishane kwanza na Perpetua.

Yaliyotokea kwetu

Wengine watasema: hayo ni ya Roma, ya zamani, ya wapagani. Basi tusogee karibu. Wazazi wenu na babu zenu waliyaona hayo katika nchi hii, wengi wao wakiwa ndani yake.

Tarehe 2 Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kutwaa madaraka, wanasiasa wanne, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya makumi ya maelfu ya watu walioitwa kutazama. Yalikuwa majira ya Pentekoste, na ndiyo maana waitwa Mashahidi wa Pentekoste. Mtawala mpya alianza kwa kuwapa watu tamasha la kifo. Kisha akawapa tamasha la ngoma. Chama chake, MPR, kiliundwa mwaka 1967, na kikazaa kile kilichoitwa animasio ya kisiasa: wanafunzi, wafanyakazi na makundi ya mitaa walipangwa mistari, wakafundishwa nyimbo na hatua, wakavikwa vitenge vyenye uso wa Mobutu, wakacheza kila mgeni alipofika na kila sikukuu ya chama. Baada ya Mobutu kuzuru China na Korea Kaskazini katika miaka ya 1973 na 1974, ngoma hizo ziliongezeka ukubwa. Katika televisheni, kabla ya habari, uso wake ulionekana ukishuka kutoka mawinguni.

Linganisheni sasa kilichotolewa na kilichonyang'anywa. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mwaka huohuo Kardinali Joseph Malula alilazimika kuondoka nchini, nyumba yake ikageuzwa makao ya vijana wa chama, na vyama vya vijana vya Kanisa vikapigwa marufuku ili kijana asiwe na nyumba nyingine ila ile ya chama. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika orodha ya siku za mapumziko. Mwaka huohuo, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi mjini Kinshasa, katika uwanja uliobeba jina la sikukuu ya chama, 20 Mei, kila mmoja akiwa ameahidiwa dola milioni 5. Mwaka huohuo tena, waziri wa mambo ya ndani alimlinganisha Mobutu na Masiya hadharani. Noeli iliondoka, ngumi zikaja. Jina la ubatizo liliondoka, kitenge chenye uso wa mtu kikaja. Hakuna aliyewaambia watu waziwazi kwamba wabadili dini. Waliambiwa wacheze tu.

Sisi wa Kivu ya Kusini tuna sababu yetu ya kukumbuka. Uwanja mkubwa wa Kinshasa ulipofunguliwa mwaka 1994 uliitwa Kamanyola, jina la mji mdogo wa jimbo letu ambao Mobutu alijisifia vita vyake vya mwaka 1964. Mahali petu pa huzuni palifanywa jina la fahari yake. Mobutu alipoondoka mwaka 1997, uwanja ukapewa jina la Mashahidi wa Pentekoste, wale wanne walionyongwa mbele ya umati.

Ndani ya uwanja huo, tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na vijana na makatekista wa nchi yetu. Hakuwafundisha kumsifu. Aliwaonyesha vidole vya mkono, kimoja kimoja: sala, jumuiya, unyofu, msamaha, utumishi. Alipofika kwenye unyofu, aliwataka waseme pamoja naye kwamba wanaukataa ufisadi. Uwanja uleule, umati wa vijana uleule, lakini tazameni tofauti: mmoja huwakusanya vijana ili wamtaje yeye, mwingine huwakusanya ili wajitazame wao wenyewe.

Na kabla ya hapo, tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa, wakiitwa na walei wenzao, walitoka makanisani wakiwa na misalaba, rozari na matawi, kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari waliwafyatulia risasi na wengi walikufa. Siku hiyo hakuna aliyewagawia kofia wala fulana. Walivaa nguo zao wenyewe, kama Perpetua.

Wanayotujibu

Twajua majibu tutakayopewa. Tuyapime moja moja.

La kwanza hutoka kwa ndugu zetu wenye juhudi, walio upande wetu kupita kiasi: kama ni hivyo, maigizo yote na yafukuzwe kanisani. Hapana. Kosa la Roma halikuwa kwamba mtu alisimama akasema maneno ya mtu mwingine. Kanisa lenyewe, tangu karne ya kumi, liliigiza asubuhi ya Pasaka wanawake waendao kaburini na malaika anayewauliza wanamtafuta nani. Wayezuiti waliyaweka maigizo katika shule zao kote duniani, na mji wetu wawajua Wayezuiti. Njia ya Msalaba inayoigizwa Ijumaa Kuu imewaliza watu ambao mahubiri hayakuwagusa. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, na mwili wa Mwafrika unaocheza ukapata nafasi yake halali mbele ya altare. Ngoma si adui. Mtu anayejiweka mahali pa Mungu ndani ya ngoma ndiye adui.

La pili hutoka kwa viongozi wa makundi: mkono mtupu haulambwi, sisi ni maskini, bila mfadhili hakuna sikukuu. Umaskini wetu ni wa kweli, wala hatuucheki. Bei ya unga twaijua, karo za shule twazijua. Lakini hebu tuulize: mtakatifu anadai nini ili aigizwe? Adai sauti, moyo, na mazoezi. Shuka nyeupe za mama zetu zimewavika malaika miaka mingi. Vipaza sauti vikubwa havihitajiki katika uwanja wa kanisa ambamo kila mtu aweza kusikia, mradi mwigizaji amefundishwa kupaza sauti na watu wamefundishwa kunyamaza. Kinachohitaji mfadhili si sikukuu; ni tamaa yetu ya kuwashinda jirani zetu wa parokia nyingine. Na wahenga walikwisha kutuonya: mla cha mwenzie na chake huliwa. Cha kwenu kitakacholiwa ni sauti yenu. Mwaka ujao mfadhili akifanya dhuluma, kundi lililovaa jina lake litasema nini?

La tatu husemwa kwa kicheko: fedha haina harufu. Wanaolisema wajue walipolitoa. Lasimuliwa kuwa ni neno la kaisari Vespasianus, alipolaumiwa na mwanawe kwa kutoza kodi ya mikojo. Vespasianus ndiye pia aliyeanza kuujenga ule uwanja mkubwa wa Roma ambao wanadamu waliuana ndani yake ili watu wafurahi. Fedha isiyo na harufu ilijenga mahali palipokuja kunuka damu.

La nne ndilo la heshima zaidi: je, tusishukuru? Mtu akitupa kitu kwa moyo mweupe, tumfungie mlango? La, asifungiwe. Shukrani ni fadhila ya Kikristo. Lakini Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Basi njia ya kumpima mfadhili ni rahisi. Mwambieni: asante, baba, asante, mama, sadaka yako itaingia katika sanduku la parokia pamoja na za wengine, na jina lako atalijua Mungu. Akitoa bado, mmepata ndugu, mwombeeni. Akirudisha mkono mfukoni, mmejua alikuwa ananunua nini.

Tunalopendekeza

Hatupendi kulaumu bila kuonyesha njia. Ualimu haukutufundisha hivyo. Makundi yote, Wanaxaveri, Wakiro, Skauti, Kizito-Anuarite, wanakwaya na wengineo, wakubaliane mambo haya na kuyapeleka kwa paroko na kwa baraza la parokia.

Kwanza, kusiwe na vazi lenye jina au uso wa mtu aliye hai katika onyesho lolote la sikukuu ya Kanisa. Pili, gharama zitoke katika mashirika: kila shirika litoe kidogo, na anayekuja kutazama alete anachoweza, maharagwe, sabuni, unga, ili baada ya onyesho vipelekwe kwa wagonjwa na kwa waliokimbia vita. Hivyo maigizo yenu yatakuwa yamelisha watu badala ya kuwapumbaza. Tatu, viti vya mbele viwe vya wazee, vya walemavu na vya watoto. Mkubwa akija, karibu sana, aketi na Wakristo wenzake. Nne, maneno ya mchezo yaandikwe, yasomwe na kundi zima kabla ya siku, na asiyeweza kuyafuata asipande jukwaani. Anayeshuka kwenda kumsifu mtu ameuvunja mchezo wa wenzake wote.

Tano, na hili ndilo lenye uzito zaidi: igizeni yaliyo ya kweli. Jukwaa lililokodishwa haliwezi kusema kweli, ndiyo hasara yake kubwa. Lililo huru laweza kumwonyesha mama aliyeporwa shamba, kijana aliyepewa bunduki badala ya kalamu, hakimu anayeuza hukumu, na hata mfadhili anayegawa fulana. Mji wetu unawajua watu wa kuigizwa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mchungaji wetu, alibaki hapa vita vilipokaribia, akasema wazi alichokiona, na jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa na askari katika mji huu. Mwenye heri Anuarite, binti wa nchi yetu, aliuawa mwaka 1964 kwa kukataa kuwa wa afisa wa waasi. Hawa hawakuwa na wafadhili. Je, kundi lililovaa jina la mwenye nguvu litamwigizaje mtu aliyeuawa na wenye nguvu?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mitume wamekuwa tamasha kwa ulimwengu, kwa malaika na kwa wanadamu. Aliyajua majukwaa ya Wagiriki na Waroma. Kule Efeso umati ulijaa ukumbi wa maigizo ukipiga kelele kwa saa mbili kumsifu mungu wao Artemi, na wengi, Matendo ya Mitume yasema, hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Nasi tutakuwa tamasha, tupende tusipende. Kila Mbatizwa hutazamwa. Tulichobakiwa nacho kuchagua ni vazi la kuingia nalo.

Kwa mazungumzo ya kundi:

1. Katika sikukuu ya mwaka jana, nani alitajwa mara nyingi zaidi jukwaani: msimamizi wetu, au mtu mwingine? Hesabuni kwa unyofu.

2. Tukikosa fulana, vipaza sauti na soda, tutabaki na nini cha kuwapa watu?

3. Ni jambo gani la kweli katika mtaa wetu ambalo tungeogopa kuliigiza mbele ya mfadhili wetu? Kwa nini?

Watakatifu Perpetua na Felisita, mashahidi wa Afrika, mtuombee. Mwenye heri Anuarite, utuombee.